Je, wajua kwa nini kuku wa Dar huhema mdomo wazi?

Pita uani kwa mfugaji yeyote wa Dar es Salaam mwezi wa Januari, saa nane mchana. Utawakuta kuku wamesimama tu, midomo wazi, mbawa wameziachia mbali na mwili, koo linacheza. Wengine hudhani ni mdondo, ule ugonjwa wa kuku, wakakimbilia dawa. Mara nyingi ni joto, na chanzo chake ni banda. Nayasema haya kwa sababu banda langu la kwanza, huko Mbagala, nililijenga kwa matofali ya saruji hadi juu, nikaliezeka bati, nikaacha kidirisha kimoja. Niliogopa wezi. Wezi hawakuja. Februari nikaokota kuku wawili wamekufa chini ya bembea, zile fito wanazolalia, hawana hata jeraha.

Kuku hatoki jasho, hana tezi zake. Utazame mtungi wa maji uliowekwa kivulini: udongo unapitisha unyevu, unyevu ukikauka unaondoka na joto, ndiyo maana maji yake yanakata kiu. Ngozi ya mtu hufanya kazi hiyohiyo. Ya kuku imefunikwa na manyoya, wala haina cha kukausha, kwa hiyo mtungi wake uko kooni. Akihema haraka, unyevu wa njia ya hewa unakauka na kumpoza. Na hana nafasi kubwa ya kuchezea: joto lake la kawaida ni nyuzi 41 hivi, likipanda nyuzi nne au tano tu, umempoteza.

Sasa hapo ndipo Dar inapomkomesha. Ujuavyo, mwezi kama huo unaweza kuanika jinzi asubuhi na jioni ukaikuta bado mbichi. Hewa imeshiba maji, haitaki mengine, hata yale ya kooni kwa kuku. Mwenzake wa Dodoma, kwenye joto kavu la kabla ya mvua, akihema anapata nafuu upesi. Wa kwetu anahema, anachoka, na kule kuhema kwenyewe kunamwongezea joto.

Kuna na hasara nyingine usiyoiona bandani, utaiona kwenye trei. Kitendawili: nyumba yangu haina mlango. Jibu ni yai, na ukuta wa nyumba hiyo ni kalisi kaboneti, kitu kilekile kilichomo kwenye mawe ya chokaa. Ili kuutengeneza, kuku anahitaji kaboni daioksaidi iliyomo kwenye damu. Akihema kupita kiasi, hewa hiyo inamtoka, na ganda linakuwa jembamba. Mayai yangu ya mwezi ule yalikuwa yanabonyea kwa kidole gumba, nami nikawa nalaumu chakula.

Kwa hiyo banda la pwani ni paa na upepo, ukuta ni wa kuzuia maranda yaliyotandikwa chini yasimwagike tu. Kozi mbili za tofali zinatosha, kama nusu mita, na kuanzia hapo hadi juu ni wavu. Nguzo weka mirunda, sehemu za kuziba tumia mabanzi kutoka mashine za kupasua mbao. Ubavu mrefu ulaze mashariki–magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige pande fupi. Ubavu huo ukiwa wazi utapokea kaskazi kuanzia Desemba na kusi kuanzia Aprili. Mita 3 kwa 2 ni kuku 24, basi. Ukiambiwa wanaingia 60, anayekwambia anauza vifaranga.

Paa ndilo la kuumiza kichwa. Makuti ni baridi kuliko vyote, ila panya huyapenda, na yakiwa na mteremko mdogo yanaoza mapema. Wengi tuna bati. Basi liinue mita 2 na nusu, lichomoze nje ya ukuta nusu mita au zaidi kwa ajili ya jua na mvua ya masika inayopiga kwa ubavu, kisha lipake chokaa nyeupe au litandaze makuti juu yake. Dari la viroba vilivyoshonwa pamoja nalo linasaidia, kwa pesa ndogo kabisa.

Wavu uwe wa matundu madogo, kunguru wa mji huu hawana huruma na vifaranga. Maranda yakilowa yatoe, harufu itawafikia majirani kabla hujaamka. Maji yasitoke moja kwa moja kwenye tangi jeusi lililoshinda juani, maana kuku hawezi kupozwa na chai. Na chakula wape alfajiri na jioni, kwa kuwa tumbo linalosaga mchana linazidisha joto.

Ukitaka kujua banda lako likoje, ingia saa hiyo ya nane, chuchumaa kichwa kiwe usawa wa bembea, ufunge mlango. Mimi nilivumilia dakika nne. Jumamosi iliyofuata fundi alibomoa kuta mbili ndefu, akabakiza kozi mbili chini. Matofali yaliyotoka tulijengea karo la kufulia.