Upasuaji wa matundu madogo kwa mbwa na paka

Upasuaji wa matundu madogo ni ule ambao daktari wa mifugo halipasui tumbo la mnyama ili aone ndani. Hutoboa matundu mawili au matatu ya milimita 5 hadi 10, akapitisha kamera nyembamba yenye taa katika moja na vyombo vyake katika mengine, kisha akafanya kazi macho yakiwa kwenye skrini. Kwanza tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili ukuta wake uinuke, maana bila nafasi kamera haioni kitu. Mnyama huwa katika nusukaputi kamili muda wote. Udogo wa matundu haupunguzi hilo.

Wengi hudhani faida yake ni kovu dogo tu. Chukua mbwa jike mkubwa anayefungwa kizazi, tuseme mlinzi wa hoteli kule Nungwi, Unguja. Ovari zake zimejificha ndani, karibu na figo, zimeshikiliwa na kano fupi. Kwa upasuaji wa kawaida daktari huzivuta juu mpaka zifike kwenye mkato, na ile kano mara nyingi huinyoosha au huikata kwa kidole, kwa kupapasa. Hapo ndipo penye maumivu. Kwa kamera ovari huonekana palepale ilipo, mishipa yake ya damu huchomwa ikaziba, nayo ikakatwa na kutolewa. Na katika usingizi huohuo, mbwa mwenye kifua kirefu kama German Shepherd anaweza kushonewa mfuko wa chakula kwenye ukuta wa tumbo usije ukajipinda, maradhi yanayoweza kuua kwa saa chache tu.

Wanaosema ufundi huu ulianzia kwa binadamu ndipo ukashushwa kwa wanyama wameugeuza. Mjerumani Georg Kelling aliuonyesha kwa mbwa mwaka 1901. Jacobaeus wa Sweden akachapisha habari za kuufanya kwa watu mwaka 1910.

Paka wa mtaani ni habari nyengine. Jike wa kilo 3 wa sokoni Darajani, mjini Unguja, daktari mzoefu humfunga kizazi kwa mkato wa sentimita 1 au 2, ubavuni au chini ya kitovu. Jumlisha matundu matatu ya milimita 5, umefika hapohapo. Kwa maoni yangu, fedha za kamera kwa paka hawa zingefaa zaidi kununulia nyuzi na dawa za maumivu. Dume ndiyo kabisa, kende zake ziko nje. Labda moja iwe imebaki tumboni, hapo kamera huitafuta bila kupekua matumbo.

Si kila mnyama anafaa. Aliyegongwa na vespa na kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kikachanika, gesi itapenya kifuani na mapafu yatashindwa kutanuka. Na damu ikizidi katikati ya kazi, daktari hulazimika kupasua tumbo kama kawaida, kwa hiyo muulize mapema kama amejitayarisha kwa hilo na kama gharama itabadilika.

Kinachomfaa zaidi paka wa pwani ni endoskopu, mpira mwembamba unaopindika, wenye kamera, unaopitishwa mdomoni bila kukata popote. Paka wa dikoni hula matumbo ya samaki pamoja na ndoana. Ikiwa ndoana bado iko kwenye umio au mfuko wa chakula, daktari hupenyeza koleo ndogo ndani ya mpira ule, akaishika na kuitoa taratibu. Ikishateremka mbali ndani ya utumbo mwembamba, endoskopu haiifikii tena na tumbo hupasuliwa. Ukiona mshipi wa ndoana unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute, maana hukata utumbo kwa ndani. Mfungie paka kwenye kikapu, umpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.