Alberello: mzabibu unaoishi kishimoni

Alberello ni namna ya kulima zabibu bila nguzo wala waya: mzabibu hupogolewa mpaka ukawa kichaka kifupi kinachojisimamia chenyewe. Namna hii ni ya kale na iko sehemu nyingi za Mediterania, lakini pa kuielewea vizuri ni Pantelleria, kisiwa cha volkano cha Italia kilicho kati ya Sicily na Tunisia.

Kisiwani humo hakuna mto. Mvua hunyesha zaidi miezi ya baridi, kiangazi huwa kikavu kabisa, na upepo hauna mapumziko. Mzabibu uliopandishwa juu ungevunjika machipukizi na kukaushwa. Kwa hiyo mkulima huchimba kishimo kipana, kina chake kama sentimita 20, na kupanda mche katikati. Hapo ndipo penye siri yote. Maji ya mvua na umande hujikusanya kishimoni na kuzama kwenye mizizi, na kingo zake humkinga mzabibu na upepo. Shina huachiwa matawi machache, aghalabu sita, yanayotawanyika pande zote karibu na ardhi, na majani yake huvipa vichala kivuli. Udongo ukiporomokea ndani, jembe hurudi kuchimbua upya, msimu baada ya msimu.

Mashamba yenyewe yako kwenye matuta yaliyoshikiliwa na kuta za mawe yasiyo na saruji, trekta haina pa kupita. Kupogoa, kulima na kuchuma, kote ni mkono na mgongo ulioinama. Ndiyo maana eneo la mizabibu kisiwani limepungua sana, na ndiyo maana naona UNESCO ilifanya jambo la haki mwaka 2014 ilipoutia ujuzi huu katika orodha ya turathi za utamaduni zisizoshikika. Ardhi bila watu wanaojua kuchimba vishimo hivyo isingezaa divai.

Zabibu inayolimwa humo ni Zibibbo, nyeupe na yenye harufu nzuri. Ndiyo itoayo Passito, divai tamu ya kisiwa hicho. Vichala vya kwanza huchumwa mwezi Agosti na kuanikwa juani kwa wiki kadhaa, vikigeuzwa kwa mkono, mpaka vinasinyaa na utamu kukolea. Zabibu zinazochelewa kuiva hukamuliwa, na juisi yake ikiwa inachachuka, zile kavu zilizokwisha kung'olewa vikonyo hutiwa humo kidogo kidogo. Hulainika, hutoa sukari na harufu yake, na divai hugeuka rangi ya kaharabu.

Wengi hudhani alberello ni jina la zabibu au la divai tamu. Sivyo. Ukilikuta kwenye chupa, linakueleza jinsi mzabibu ulivyolimwa tu; Zibibbo ya vichaka hivyohivyo hutengenezewa pia divai isiyo na utamu, ya kunywewa na samaki.