Mkunde mwitu wa Kanada: mbegu isiyosuguliwa haioti

Wateja wanaokuja kitaluni kwetu hapa Minnesota hunieleza jambo lile lile. Mbegu wamepanda, maji wametia, mwezi umekatika, na kitalu kitupu. Swali langu huwa moja: ulizisugua?

Mmea ninaouzungumzia ni Astragalus canadensis. Sijausikia ukiwa na jina la Kiswahili, kwa hiyo nyumbani tunauita mkunde mwitu, kwani ni wa ukoo wa kunde na maharage. Humea wenyewe Kanada na sehemu kubwa ya Marekani, kando ya mito na kwenye mbuga zenye unyevu. Huweza kupita mita moja kwa kimo, na kwenye Julai hutoa vishada vya maua ya rangi ya krimu vinavyosimama wima kama masuke. Nyuki wakubwa wenye manyoya huyapenda mno. Mbuga za asili zilizobaki Minnesota hazifiki asilimia 2 ya zile za zamani, ndiyo maana kila mche unaoshika kwenye bustani ya mtu hunifurahisha.

Sasa mbegu. Ni ndogo kama punje ya ulezi, ina umbo la figo, na ganda lake halipitishi maji. Aliyewahi kuotesha lusina, ule mti wa malisho, anaijua tabia hii. Lusina tunaimwagia maji ya moto, lakini kwa mbegu ndogo hivi mimi naamini msasa laini. Tandaza mbegu juu ya karatasi moja, funika kwa nyingine, sugua taratibu mpaka ganda lipoteze ulaini wake. Usizisage. Kisha ziloweke usiku mmoja. Asubuhi utaona zilizonywa maji zimevimba karibu maradufu, na nyingine ziko vile vile. Hizo zikaushe, uzirudishe kwenye msasa.

Zilizovimba nazichanganya na mchanga mbichi, nazifunga kwenye mfuko na kuziweka kwenye friji wiki mbili au tatu. Asiyetaka kazi hii yote azimwage shambani mwezi Novemba, baridi na theluji vitalegeza ganda vyenyewe. Ila zitaota chache, na nyingine zitasubiri mwaka wa pili.

Kabla ya kupanda, zipake unga wa bakteria wa mizizi, wale wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi na kuupa mmea naitrojeni ya hewani. Hapa wengi hukosea kwa kununua ule wa soya. Bakteria wa soya hawaelewani na mmea huu. Muulize muuzaji ule uliotengenezewa jamii ya Astragalus. Ukitaka kuhakikisha, baada ya miezi michache chimbua mche mmoja, tafuta kinundu kwenye mzizi, kipasue kwa ukucha. Ndani kikiwa na rangi ya waridi, kazi inaendelea. Kikiwa cheupe au kijivu, bado. Mbolea ya naitrojeni usiweke kabisa: mmea utaacha kutengeneza vinundu, na magugu ndiyo yatakayoshiba.

Panda kwa kina cha nusu sentimita, penye jua. Mwaka wa kwanza usitegemee maua, na usihamishe mche uliokwisha shika, mizizi yake haipendi kusumbuliwa. Zungushia wavu. Mwaka mmoja sungura walinimalizia mstari mzima kwa usiku mmoja, na niliumia kweli.

Wafugaji mnisikilize. Jina lake la Kiingereza, Canada milkvetch, limebeba neno maziwa (milk), kwa imani ya zamani kwamba mbuzi wakila mimea ya jamii hii hutoa maziwa mengi. Lakini mmea huu una kemikali zinazoweza kudhuru mifugo. Usiupande malishoni.

Maganda hukauka na kuwa meusi kuelekea Oktoba, ukiyatikisa yanalia kama kayamba. Pasua machache kwanza, kwa sababu fukusi hutaga humo na mara nyingi utakuta unga tu. Mbegu nzima nazikausha vizuri, nazigandisha kwenye friza siku chache kuua waliojificha, ndipo natia kwenye bahasha na kuandika mwaka.