Kabla hujasimama ukingoni, jua umesimama juu ya nini

Nitasema mapema tusipotezeane muda: Malindi haina mlima. Ukitoka mjini kuelekea bara ardhi inapanda pole pole hadi miguu haijui kama inapanda, na upande wa bahari, sehemu nyingi ukisimama juu kabisa ya jabali bado utamsikia mtu aliye ufuoni akiongea na simu. Lakini kazi yangu ni kutembeza watu kwa miguu, na wengi wanaokuja wakitaka mahali pa juu pa kuona mbali huondoka wameridhika, manake hapa kwetu urefu si hoja sana, hoja ni kile ulichokanyaga. Kuna jabali la matumbawe, kuna matuta ya mchanga, na kuna ule udongo mwekundu wa Nyari, lile korongo la kule Marafa. Vyote vinavunjika, ila kila kimoja kinavunjika kivyake, na ukishajua kinavunjika vipi basi umeshajua pa kupita na saa ya kwenda.

Nguzo ya Vasco da Gama kila mtu anaijua, ile nyeupe yenye msalaba juu. Jamaa alifika hapa 1498, akapata rubani wa kumvusha mpaka India, na jiwe la msalaba wenyewe lilitoka Lisbon. Wageni wanapiga selfi na msalaba halafu wanageuka kurudi kwa tuktuk. Mimi huwaambia ngojeni kidogo, chuchumaeni, tazameni hapo chini ya viatu vyenu kwanza. Rasi yote ile ilikuwa matumbawe hai chini ya maji, tunazungumzia kama miaka 125,000 nyuma, wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Bahari iliposhuka yakabaki nje, yakafa, yakawa jiwe. Ukitazama kwa karibu utaona tumbawe lenyewe, vijitundu na mistari yake myembamba imekaa kwa mpangilio vilevile, na pembeni pengine kuna ganda limenasa ndani ya jiwe, ukipitisha kidole unasikia makali yake bado. Ndio maana nakataa mtu kuja na champali. Mwamba huu una ncha kila mahali, ukiteleza unaweka mkono na mkono unachanika, kwa hio raba zenye soli nzito, basi.

Sasa jambo ambalo watu hawalioni wakiwa juu ni kwamba jiwe hili linaliwa kutoka chini. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, mawimbi yanapiga palepale miaka nenda miaka rudi, na kuna wadudu wa baharini wanaokula mwani juu ya mwamba, wakikwangua mwani wanakwangua na jiwe. Mwisho wake tumbo la jabali linaingia ndani na sehemu ya juu inabaki imening'inia. Nenda Watamu maji yakiwa yamepwa utaviona vile visiwa vidogo vimebaki na kichwa kikubwa na shingo nyembamba, ni kazi hiyohiyo, imefika mbali tu. Kwa hio wewe unayeenda kusimama kwenye ukingo kabisa ili picha itoke poa, chini yako mara nyingi hakuna jiwe, kuna hewa. Nikifika jabali nisilolijua natafuta kwanza pahali pa kuliona kwa ubavu, nione limeliwa kiasi gani, halafu ndio naamua watu wasimame wapi. Na kama kuna ufa unaokwenda sambamba na ukingo, hata uwe mwembamba vipi, tunabaki upande wa bara wa huo ufa.

Ukitaka kupita chini ya jabali badala ya juu, hapo mwenye amri ni maji. Bamvua, yaani maji makubwa, inakuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hapa kwetu yanapwa kabisa kama saa nne saa tano asubuhi halafu yanajaa saa kumi, saa kumi na moja jioni, yaani ile saa hasa watu wamemaliza kulala mchana wanataka kutembea ufuoni. Tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua inapita mita 3. Ule mchanga mpana uliouona asubuhi jioni haupo, maji yanagonga jabali moja kwa moja, na aliyekwenda bila kuuliza anajikuta kati ya mwamba na bahari. Siku za maji mafu mambo yanageuka, kupwa kunaangukia jioni ila maji hayaendi mbali. Kila siku saa inasogea mbele kama dakika 50 hivi. Programu za simu zipo na mimi ninayo, lakini nikimkuta mvuvi anashona nyavu lazima nimuamkie, shikamoo mzee, maji vipi leo, naye, marahaba mwanangu, yashaanza kuingia, msipite kule chini. Jibu hilo linajua na upepo wa siku hiyo, simu haijui.

Na jamani, jua linazama bara! Kila msimu kuna mtu anataka nimpeleke jabalini kuona jua likizama baharini. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hio jabalini njoo alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili uwe umefika, utaliona likitoka majini.

Matuta ni hadithi nyingine. Ya Mambrui na kwenda juu kaskazini mchanga wake mwingi umeletwa na mto Sabaki, mto ambao huko juu bara unaitwa Athi, katikati Galana, ukifika kwetu ndio Sabaki, na mvua zikinyesha huko bara ghuba ya Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa. Mto unamwaga, mawimbi yanarudisha ufuoni, upepo unabeba. Kusi, ule upepo wa kusini, ikivuma kwa miezi yake, kuanzia kama Aprili, inasukuma mchanga kwenda bara, kwa hio upande wa bahari tuta linalala na mchanga umeshikana, upande wa pili ni mkali, unafika karibu digrii 33 halafu mchanga unaporomoka wenyewe. Panda upande unaotazama upepo, shuka kule kwingine. Ukifanya kinyume utapiga hatua mbili urudi moja na utaniambia matuta ni marefu kuliko yalivyo.

Shela kule Lamu ndio matuta ninayoyapenda zaidi (watu wa Malindi mnisamehe), ufuo wake una kama kilomita 12 na ukipanda juu unaona bahari mbele na kisiwa cha Manda kando. Mwanzoni mwa karne ya 19 watu wa Lamu waliwapiga hapo watu wa kisiwa cha Pate na Wamazrui wa Mombasa, na inasimuliwa kuwa waliokuja na majahazi walipokimbilia vyombo vyao walikuta maji yamepwa, vimekaa mchangani. Lakini sababu kubwa ya kutembea pale kwa adabu ni maji ya kunywa. Mvua ikinyesha mchanga unayanywa mara moja, yanakaa chini juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi kuliko hayo, na visima vinavyonywesha Lamu vinategemea hayo matuta. Ile mimea inayotambaa yenye maua ya zambarau ndio imeshika mchanga, ukikanyaga njia mpya kila mara inakufa na tuta linaanza kuhama. Pita penye nyayo za waliotangulia. Na wale wa kupanda matuta na pikipiki za magurudumu manne, mimi sina neno zuri la kuwaambia.

Nyari si pwani kabisa, ni saa moja hivi kwa gari kutoka Malindi, lakini naiweka hapa kwa sababu huko ndio utapata korongo lenye kina cha kweli. Wazee wanasimulia kuna familia tajiri iliyokuwa ikioga maziwa, Mungu akaizamisha, na weupe na wekundu wa kuta ni maziwa na damu. Kinachochimba ni mvua: mchanga ulioshikana kidogo tu kuwa jiwe, maji yanaukata, na penye tabaka gumu juu panabaki mnara mwembamba umesimama. Siku ya mvua na siku inayofuata siendi ukingoni kabisa, manake ukingo unaweza kumeguka bila kukuonya. Hapa ndio jioni inafaa, jua likienda chini rangi zinawaka, mekundu, manjano, zambarau. Kiingilio kinalipwa pale juu, na njia ya kushuka muachie mwenyeji akutangulie, anajua ipi mvua ya juzi imeibomoa. Anzeni kupanda mapema kwa sababu ikweta magharibi ikiingia giza halichelewi, na chini kule joto linakaa hata jua likishapungua, kila mtu abebe maji yake lita mbili.