Kadi ya gari lako inasoma jina la nani?

Mimi nakaa dawati la elimu kwa mlipakodi pale TRA, mamlaka ya mapato, hapa Dar, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni kutransfa gari shingapi. Sawa, ulizeni tu, ila wanaoniumiza kichwa sio hao. Ni wale ambao gari ni lao kweli, wamenunua kihalali, wana kadi kabatini, lakini taarifa zao ni za zamani na hawajui mpaka siku ya shida.

Kuna kaka wa Mbagala alikuja kuuza gari yake Toyota IST, mnunuzi yupo hapo hapo kwenye benchi na hela yake, mambo safi, tukafika pa kuthibitisha, namba ya siri ikatumwa kwenye simu, kaka anaikodolea macho simu kimyaa. Kumbe namba ya simu iliyopo kwenye TIN, yaani namba yake ya mlipakodi, ni ile laini yake iliyozimwa mwaka 2020 enzi zile za kusajili kwa alama za vidole, akaipotezea, akanunua nyingine, na saa hizi ile ya zamani anayo mtu mwingine huko asikokujua. Biashara ikalala siku ile.

Ndo maana nasema anza na TIN, usianze na kadi. Watu wengi wana ile TIN ya gari au ya leseni, walichukua zamani kupitia mtu wa stationari na yule mtu akajaza namba yake mwenyewe ya simu, basi hata hawakumbuki. Kadi inachukua taarifa zako kwenye TIN, ile yenye tarakimu 9, na TIN inasoma kitambulisho chako cha NIDA chenye tarakimu 20, kwahiyo kama jina limekosewa NIDA, mfano wewe ni Mwanahamisi wao wameandika Mwanahamis, ukija kwetu tukusaidie kwenye kadi tutakurudisha tu huko ulikotoka, sio kwamba tunakunyanyasa. Nyoosha NIDA, halafu TIN, halafu ndo kadi. Ukianzia mkiani utazungushwa na nauli itakuishia.

Kwa dada zetu walioolewa wakataka jina la mume, cheti cha ndoa kinasaidia lakini NIDA nako kubadilike. Aliyebadili jina lenyewe kabisa anahitaji dipoli, yaani hati ya kubadili jina, kutoka kwa wakili, na iwe imesajiliwa, sio ile karatasi ya muhuri tu.

Sasa hapa pana utamu, watu hawapajui. Chukua kadi yako uiangalie vizuri, ina sehemu mbili za majina, mmiliki aliyesajiliwa na mwenye hati. Ukinunua kwa hela yako unakuta yote mawili ni wewe. Ukikopa, benki au kampuni ya mkopo inakaa pale kwenye mwenye hati mpaka umalize deni. Tatizo mtu anamaliza deni, anapewa kadi na barua, anafurahi, anaenda kula bata Coco Beach, barua anaitupa kwenye dashibodi miaka minne, siku anataka kuuza gari bado linasoma benki, barua yenyewe imeliwa na jua na tawi alilokopea limeshahama. Bosi wangu, ukipewa hiyo barua ya kumaliza mkopo ilete wiki hiyo hiyo.

Na vijana wa boda za mkataba ndo kabisaaa. Umepeleka hesabu kila siku mpaka mkataba umeisha, tajiri kakukabidhi pikipiki na kadi, mmeshikana mikono, lakini kadi bado ina jina lake. Tajiri akifariki kesho, ile pikipiki kwenye makaratasi ni mali ya marehemu na watoto wake wana haki ya kuiulizia. Wakati bado mnaelewana, andikeni mkataba wa mauziano, nendeni wote wawili na TIN zenu na kadi orijino, lipieni kwa kontrol namba, mmalize.

Nimetaja marehemu basi tulimalize. Gari la mzee halihamishwi kwa kikao cha ukoo hata kama muhtasari umesainiwa na shangazi wote. Mahakama inateua msimamizi wa mirathi, yeye ndo anakuja na barua ya mahakama kuhamisha.

Rangi na injini pia ni taarifa. Ulikuwa na IST ya silva ukapiga nyeusi, au umetoa injini ya 2NZ ya cc 1300 ukaweka 1NZ ya 1500 kwa sababu fundi wa Ilala kakwambia ina nguvu, gari likaguliwe na trafiki kwanza halafu kadi irekebishwe, maana siku ya ajali hata bima wanaangalia kama gari la kwenye karatasi ndo hilo lililogongwa.

Kingine, faini za trafiki zinaifuata namba ya gari. Kosa la gari ni elfu 30, pikipiki na bajaji elfu 10, na yule uliyemuuzia bila kubadili umiliki akikusanya makosa yake Kimara mpaka Kibaha, mfumo unakutambua wewe. Angalia deni mtandaoni kabla hujauza na kabla hujanunua.

Vishoka wapo nje ya kila ofisi, wanajua jina lako kabla hujashuka kwenye daladala. Wanachofanya ni kujaza fomu ambayo ungejaza mwenyewe, na mara nyingi wanaweka simu yao, tunarudi kule kule kwa kaka wa Mbagala.

Kadi mpya ikitoka usiikunje uweke mfukoni. Simama hapo hapo, soma jina herufi kwa herufi, halafu toa picha ya namba ya chesesi, ile iliyogongwa kwenye bodi ya gari, uliyoipiga kwenye simu ulinganishe. Gari za Japani namba huanza na modeli, kwa IST utaona NCP60 au NCP61 halafu kistari, sasa 0 na 1 zikibadilishana nafasi tu gari hilo sio lako. Ukikuta kosa rudi dirishani kabla hujatoka getini, kisha piga simu kwa wakala wako wa bima abadilishe na kwake.