Sidiria ya kukutosha: maneno ya sokoni na ukweli wake

Nenda soko la Mwanga hapa Kigoma ukaulizie sidiria, muuzaji anakutazama kifuani sekunde mbili anakwambia dada wewe ni 38, anaichomoa kwenye rundo, unalipa unaondoka, na kesho yake mikanda inakukata mabega kutwa nzima, nyuma imepanda, mbele unavuta kila saa. Ukilalamika nyumbani unaambiwa vumilia ndo zilivyo. Hapana jamani, sidiria iliyokukaa sawasawa unaisahau mwilini. Kinachotutesa ni maneno tuliyopokea kwa wakubwa na kwa wauzaji bila kuyapima, kwa hiyo leo nayapima.

"Mikanda ya mabegani ndo inayobeba, ukiona inaning'inia ikaze"

Hili ndo baba lao, mengine yote yanazaliwa hapa. Mzigo wa matiti unabebwa na ule mkanda wa chini unaozunguka mbavu. Mikanda ya mabegani kazi yake ni kushikilia vikombe visidondoke mbele, basi. Mkanda wa chini ukiwa mkubwa haushiki chochote, uzito wote unahamia mabegani, wewe unakaza, na kadiri unavyokaza ndivyo nyuma inavyopanda kwenda shingoni na mbele inavyozidi kushuka. Mama anauza dagaa pale Kibirizi kuanzia alfajiri, anainama anainuka, jioni mabega yana mifereji na kichwa kinamuuma, na dawa yake wala sio panadol, ni mkanda wa chini unaobana vizuri.

Jipime sasa hivi: inua mikono yote juu. Mkanda wa chini ukipanda nao, ni mkubwa. Kaa ubavu mbele ya kioo, mkanda unatakiwa uwe umenyooka, nyuma na mbele usawa mmoja. Vidole viwili vinapita chini yake, ngumi haipiti. Halafu ukiwa dukani funga kwenye kulabu ya mwisho kabisa, ile ya kulegea, ikikushika hapo ndo nunua, maana lastiki italegea tu na zile kulabu za ndani ndo akiba yako ya miezi inayokuja. Wengi wetu tunanunua ikiwa imefungwa ya ndani kabisa, mwezi wa pili haina pa kwenda.

"Mimi ni 36, nimevaa 36 tangu nasoma"

Mwili wako wa form three sio wa leo mdogo wangu. Umezaa, umenenepa, umepungua, umeanza sindano za uzazi wa mpango, vyote hivyo vinaweza kubadilisha kifua. Pima upya angalau mara moja kwa mwaka, na ukiwa mjamzito au unanyonyesha pima mara nyingi zaidi.

Tena namba peke yake ni nusu ya saizi. Namba ni mzunguko wa mbavu, herufi ndo kikombe. Na hapa kuna kitu wauzaji wengi hawakwambii: zile sidiria za China zilizojaa madukani lebo yake imeandikwa 75/34, 80/36, 85/38, 90/40. Ile 75 au 80 ni sentimita za mbavu zako, chini ya matiti. Ile 36 sio inchi za mbavu, sentimita 80 ni kama inchi 31 na nusu tu, kwa hiyo ukijipima inchi ukaenda kudai namba ileile utapotea. Kamata sentimita. Na ukikuta lebo ndefu yenye nchi nyingi, EU 80 ni sawa na UK 36 na ni sawa na FR 95, Wafaransa wanaongeza 15. Sasa mtu anaona 95 anakimbia, anadhani ni ya jimama, kumbe ni yake kabisa.

Kupima ni rahisi. Chukua futi ya fundi cherehani, ile laini, tumia upande wa sentimita. Zungusha chini ya matiti, ibane kidogo, toa pumzi, soma. Halafu vaa sidiria isiyo na sponji, zungusha pale kifua kilipojaa zaidi, hapo usibane, futi iwe usawa mmoja mgongoni na mbele, soma. Toa ndogo kwenye kubwa. Kwa chati ya Ulaya tofauti ya sentimita 12 mpaka 14 ni A, 14 mpaka 16 ni B, 16 mpaka 18 ni C, 18 mpaka 20 ni D. Tuseme chini umepata 79 na juu 96, tofauti 17, wewe ni 80C, yaani 36C. Viwanda havifanani, cha China na cha Ulaya vinaweza kupishana herufi nzima, kwa hiyo hiyo ni pa kuanzia, mwisho wa yote ni kuvaa na kuangalia.

"D ni ya wenye matiti makubwa"

Herufi haina ukubwa wake yenyewe, inakwenda na namba. Hizi herufi za A mpaka D zilianza kutumiwa na kampuni ya Marekani, S.H. Camp, mwaka 1932, na mpaka leo watu wanazisoma kama vyeo. Kikombe cha 36C kinabeba kiasi kilekile na cha 38B, na kilekile na cha 34D. Ukishuka namba panda herufi, ukipanda namba shuka herufi.

Sasa rudi kwa yule muuzaji aliyekwambia 38. Wewe 36C ukivaa 38B vikombe vinajaa vizuri tu, unajiangalia unasema imenitosha, lakini mkanda unaelea. Ndo maana kosa hili halionekani dukani, linaonekana saa nane mchana. Na binti mwembamba mwenye kifua anaona aibu kuomba 34D, anachukua 38B, anaishi na maumivu kwa sababu ya herufi. Inaniumiza sana hii.

Kikombe chenyewe kikiwa kidogo titi linamwagika juu au kwapani, kikiwa kikubwa kitambaa kinakunjana. Kile kipande cha katikati kwenye sidiria ya waya kinatakiwa kilale kwenye mfupa wa kifua, kikielea vikombe ni vidogo. Na titi moja kuwa kubwa kuliko jingine ni kawaida kwa wanawake wengi, fuata kubwa, lile jingine fupisha mkanda wake kidogo au weka sponji.

"Waya unaleta saratani"

Hapana. Mwaka 2014 watafiti wa kituo cha Fred Hutchinson kule Seattle, Marekani, walitoa matokeo yao, walilinganisha wanawake zaidi ya 1,000 wenye saratani ya matiti na wengine wasio nayo, wote wa miaka 55 mpaka 74, wakawauliza walianza kuvaa lini, saa ngapi kwa siku, ya waya au sio ya waya, saizi gani. Hawakuona uhusiano wowote. Waya unaokuchoma ni saizi mbaya, unatakiwa upite nyuma ya titi, ukanyage mbavu, usikanyage titi. Anayenyonyesha tu ndo nashauri aachane na waya na kitu chochote cha kubana, maana kikikandamiza maziwa yanaweza kuziba na titi likavimba.

Ila huku kuogopa waya kunatusahaulisha la maana. Ukihisi uvimbe, ngozi imebonyea, chuchu imeingia ndani ghafla au inatoa damu, nenda hospitali, hapa tunayo Maweni, usisubiri iume.

"Kunyonyesha ndo kunaangusha, na ukilala na sidiria hayaanguki"

Wadada wanakatisha watoto maziwa kwa hili. Daktari wa upasuaji Brian Rinker wa Chuo Kikuu cha Kentucky alilifuatilia, akatoa matokeo mwaka 2007: umri, idadi ya mimba, uvutaji sigara, uzito na ukubwa wa matiti kabla ya mimba ndo vilivyohusika, kunyonyesha hakukuongeza. Mnyonyeshe mtoto. Kulala na sidiria hakudhuru na wala hakuzuii, kama unajisikia vizuri lala nayo, ila iwe laini.

"Mtumba ndo original, haufi"

TBS, shirika la viwango la Tanzania, walishapiga marufuku nguo za ndani za mitumba, na bado zipo sokoni, tunaziona. Ukiacha usafi, lastiki ya mtumba imeshavutwa na mtu mwingine, ile nguvu ya mkanda niliyoisema mwanzo ndo kitu cha kwanza kuisha. Afadhali mbili mpya za bei ya kawaida, unazipokezana, moja ivaliwe nyingine ipumzike. Usiloweke kwenye jiki, usikamue kwa kusokota, anika kivulini, jua la huku linakausha lastiki. Na joto hili jasho likikaa chini ya titi linaleta vipele na fangasi, kwa hiyo badilisha kila siku, jifute pakauke kabla ya kuvaa, chagua yenye pamba ndani.

Simu na hela kifuani? Najua, nasi wote tunaweka. Lakini usinunue kubwa ili simu ipate nafasi, kashonewe mfuko kwenye sketi.

"Blauzi nyeupe, sidiria nyeupe"

Nyeupe inaonekana zaidi. Vaa inayokaribia rangi ya ngozi yako. Kwa wengi wetu ni kahawia.

"Mtoto akivaa mapema hayatakua"

Sidiria haizuii titi kukua, hakuna umri maalum. Binti akianza kuona tabu kukimbia shuleni au anajikunja mabega kuficha kifua, mnunulie, laini isiyo na waya, na umpime na yeye, usimpe ya dada yake.

Halafu moja la mwisho kwa wenye mbavu ndogo na kifua kikubwa, maana najua 32E au 34E huku kwetu ni shida kuipata. Tafuta yenye vikombe vinavyokutosha hata kama mkanda ni mkubwa, ivae, bana nyuma kwa pini mpaka ikushike, mpelekee fundi akupunguze kwa kiasi kilekile kila upande na arudishie kulabu. Fundi mzuri wa Mwanga au Ujiji hiyo kazi haimshindi, mwambie tu atumie mshono wa zigizaga ili lastiki ivutike.