Picha pana za retina: mashine ipi huona nini pembeni mwa jicho

Wagonjwa wanaotoka Tunduma, Kyela au Makete kufuata huduma za macho jijini Mbeya siku hizi huuliza: "Daktari, hapa mna ile mashine inayopiga picha jicho lote?" Ni swali zuri. Ukweli ni kwamba hakuna mashine inayopiga jicho lote, na zile zinazopiga sehemu kubwa hazifanani.

Retina ni utando mwembamba uliotanda ndani ya jicho, kuanzia nyuma hadi mbali sana pembeni. Kamera ya kawaida huchukua pembe ya nyuzi (digrii) 30 hadi 50 tu, yaani eneo la katikati tunalotumia kusomea na kutambua sura za watu. Lakini retina mara nyingi huchanika pembeni. Huko pembeni ndiko sikoseli huanza kuziba mishipa midogo ya damu, na ndiko retina ya mtoto njiti huchelewa kukomaa. Mtu anaweza kusoma ubao wa herufi hadi mstari wa mwisho huku retina yake ina tundu.

Mashine inayotajwa sana ni Optos. Kampuni yake ilianzishwa mwaka 1992 huko Dunfermline, Uskoti, na Douglas Anderson, ambaye mtoto wake alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja kwa sababu retina iliyobanduka iligunduliwa ikiwa imechelewa. Mashine hii hutumia miale ya leza na kioo maalumu kilichopinda, na kwa picha moja huchukua nyuzi 200, takriban asilimia 82 ya retina, mara nyingi hata bila dawa ya kupanua mboni. Ila rangi zake si halisi, kwani matoleo mengi huunda picha kwa leza nyekundu na ya kijani pekee. Eneo la pembeni huvutika, hivyo ukubwa wa kidonda unaweza kukudanganya. Halafu kuna kope: huacha vivuli vyeusi, hasa chini ya picha, na kivuli kikikaa juu ya mchaniko, mchaniko hauonekani. Ndiyo maana mpiga picha mzuri huinua kope la mgonjwa kwa kidole au pamba, akarudia.

Mashine nyingine, Clarus 500 ya kampuni ya Zeiss, huchukua nyuzi 133 kwa picha moja. Picha mbili zikiunganishwa hufika 200. Rangi zake zinakaribia zile daktari anazoziona kwa macho yake, kwa hiyo kama nina shaka na baka jeusi nyuma ya jicho, mimi ningechagua hii. Mgonjwa anayeshindwa kutulia kwa picha zaidi ya moja atanufaika zaidi na Optos.

Kwa wanaopanga kununua, angalieni jinsi nyuzi zinavyopimwa. Nyuzi 45 za kamera ya kawaida hupimwa kutoka kwenye mboni, ilhali 200 za Optos hupimwa kutoka kitovu cha jicho. Ukizilinganisha moja kwa moja utapotoka.

Watoto njiti wana kamera yao, RetCam, yenye nyuzi 130. Mtoto hulazwa, huwekewa matone ya ganzi, kisha kichwa cha kamera huwekwa juu ya jicho kikitenganishwa na jeli. Mtoto hulia, na mama huumia kumtazama, lakini kazi huisha haraka. Mama uliyejifungua kabla ya wakati, uliza kuhusu kipimo hiki mapema. Kwa kawaida hufanyika karibu na wiki ya nne baada ya kuzaliwa. Tafadhali usisubiri akue kwanza.

Pamoja na uzuri wote huo, mgonjwa mwenye dalili za retina kuchanika simwachii mashine. Mboni hupanuliwa kwa matone, daktari huvaa taa kichwani na kushika lenzi mkononi. Kwa kifaa kidogo chenye ncha butu hubonyeza taratibu juu ya kope: "Baba, tazama juu. Sasa upande wa sikio." Ukingo wa retina husogea ndani, na mchaniko uliojificha huonekana. Picha nzuri haifuti hatua hii.

Dalili zenyewe ni mimweko ya mwanga, vidoa vingi vyeusi vinavyoelea ghafla, au kivuli kama pazia upande mmoja. Fundi wa mbao wa Mafinga aliyepigwa jichoni na kipande cha mti, au mtu anayevaa miwani mikali ya kuonea mbali, asizipuuze hata siku moja. Mchaniko ukiwahiwa, mara nyingi huzungushiwa leza bila kulazwa. Retina ikishabanduka, kwa kawaida huhitaji upasuaji. Njoo siku hiyohiyo, na uje na mtu wa kukusindikiza, kwa kuwa baada ya matone utaona ukungu kwa saa kadhaa na hutaweza kuendesha pikipiki kurudi nyumbani. Kama una picha za awali za jicho lako, hata zikiwa kwenye simu, zije pia.